Mafua Yaliyorudi

Mwanangu Lamaro,

Umetoka na mama yako kwenda soko la Kalerwe kutafuta tangawizi na limau za safari, na mvua imewakamata huko. Hapa Kasubi mabati yanapiga kelele mpaka redio nimeizima. Nimeona nitumie nafasi hii. Ukiwa mbele yangu nitaanza utani, ndivyo tulivyozoeana, na kesho tukikusindikiza kwenye basi la Kabale hakuna atakayesikia lolote kwa kelele za mizigo.

Habari za blanketi, sweta, nani umsalimie kwanza ukifika, mama yako ameshazisema na atazisema tena mpaka basi liondoke. Mimi sizigusi. Nina jambo moja, nalo ni mafua. Najua utacheka. Cheka, kisha uendelee kusoma.

Juzi ulikuwa unaongea na rafiki yako kwenye simu, mimi niko barazani na kikombe changu. Ulimwambia kwamba huko bwenini unakokwenda kuwa matroni watoto hawatakusumbua na baridi ya Kabale, kwa sababu baba yako amekufundisha dawa zote za pua na kifua, na kwamba nyumbani kwetu wewe umekua bila kuijua hospitali. Ulisema kwa fahari. Chai ikanishinda. Ni kweli wewe hospitali hukuijua. Mimi naijua, mwanangu. Kuna dari moja ya hospitali ambayo ukinipa mkaa naweza kukuchorea nyufa zake zote.

Dawa zile nilizipata kwa bibi yako, mama yangu, kule Yumbe. Yeye alikuwa hana maneno mengi. Mtu akija na pua imeziba, anachemsha majani ya mkaratusi, haya ambayo Waganda wanayaita kalitunsi, anaepua sufuria, analiweka chini mbali na moto, anamwambia mgonjwa ainame kidogo avute hewa. Baadaye anampa tangawizi iliyopondwa na asali, maji ya limau ya uvuguvugu, basi. Koo likiwasha, anamsukutulisha maji ya chumvi. Mtu analala, asubuhi anapumua. Nilipoingia polisi na kuletwa Kampala, nilikuja na ujuzi huo kwenye sanduku pamoja na nguo zangu.

Tuliishi kambini wakati huo, kwenye vile vibanda vya bati vya mviringo. Umeviona kwenye picha. Mlango wake ni mfupi hata mtoto mkubwa anainama, ndiyo maana watu waliviita Mama Ingia Pole. Mchana ni joto la kuoka mkate, alfajiri bati linatoa jasho la baridi na kila kibanda kinakohoa. Watu wa kambi walitoka kila upande, Waacholi, Walugbara, Wateso, Wasamia, wanaosali Jumapili na wanaosali Ijumaa, na Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Ndicho kilichoniunganisha na mama yako pia, maana yeye hakujua lugha yangu na mimi Kiacholi chake kilinichekesha. Katika kambi hiyo mimi nilikuwa mganga wa mafua. Watoto waliniita Afande Mvuke. Askari aliyetoka lindo la usiku akiwa ameziba pua alikuja kwangu kabla ya kwenda kulala. Hata mkubwa wetu mmoja, inspekta, aliwahi kuinama kwenye mlango ule ule mfupi kuja kunywa tangawizi yangu. Sikuwahi kushindwa, Lamaro. Hapo ndipo palipoanza ubaya.

Ulikuwa mdogo, bado unabebwa kupandishwa kitandani. Ulikuwa msimu wa mvua, nami nilipangiwa lindo Bugolobi, upande wa viwanda, kusimama nje ya lango usiku kucha. Nikapata mafua. Nikajitibu. Baada ya siku chache nikapona, nikawaambia wenzangu mnaona, bila kidonge hata kimoja.

Halafu yakarudi.

Nataka usome hapo pole pole. Mafua ya kawaida huja, hukusumbua, huondoka. Haya yaliondoka, yakakaa nje kidogo, yakarudi na kitu kingine. Hayakurudi na kupiga chafya. Yalirudi na maumivu juu ya jicho la kushoto, mahali pamoja, kana kwamba mtu ameweka kidole gumba hapo na anakibonyeza. Nikiinama kufunga buti, kidole kile kinabonyeza zaidi. Meno ya juu ya upande ule yakaniuma, na kamasi likawa zito, la kijani, lina harufu mbaya ambayo niliinusa mwenyewe kutoka ndani.

Nilifanya nini? Niliongeza dawa. Kama nilijifukiza mara moja, sasa nikajifukiza asubuhi na jioni. Nilikamua kitunguu saumu nikakidondosha puani, nikalia machozi kwa ule moto, nikajisifu kwamba kinafanya kazi. Mama yako akasema twende kliniki. Nilimjibu jibu ambalo nalikumbuka neno kwa neno, kwa sababu alinirudishia baadaye: "Nimelala porini kaskazini risasi zikipita juu ya kichwa, leo nikapange foleni kwa sababu ya kamasi?"

Jirani yetu alikuwa mwanamke Mkongomani, Mama Bahati, aliyekimbia kutoka upande wa Bukavu. Alikuwa anapitisha vitenge kambini, akiwauzia wake wa askari, na asubuhi anakaanga mandazi. Siku moja alinipa mandazi yangu, akaacha mkono wake hewani, akanitazama. Alikwenda kwa mama yako akamwambia, "Mama Lamaro, hii jicho haiko ya mafua. Kwetu niliona mutu hivi. Umupeleke."

Kweli ukope wangu ulikuwa umevimba asubuhi ile. Mimi nilisema ni usingizi.

Sasa sikiliza kitu ambacho mpaka leo kinanitia hofu, kuliko risasi zote za kaskazini. Siku chache baada ya hapo kichwa kilipunguza kuuma. Nikawa natulia. Nilijisikia mtu mwepesi, mwenye amani. Nilidhani nimeshinda. Kumbe kwa nje mama yako alikuwa anamwona mtu mwingine. Nilimwita kwa jina la dada yangu, tena si mara moja. Nilisimama mlangoni mwa kibanda nusu saa, nimeinama, siingii wala sitoki, na aliponiuliza nikacheka. Kwenye ghala la silaha nilipokwenda kuchukua bunduki, nilishindwa kutaja namba yangu, namba niliyoitaja kila siku tangu mafunzo. Mwenye ghala hakunipa bunduki siku hiyo. Namshukuru mpaka kesho.

Kambini maneno yakaanza. Wengine walisema nimeanza kunywa, mimi ambaye pombe sijaionja. Wengine walisema nimerogwa na mtu wa lindo la Bugolobi aliyetaka nafasi yangu, na mzee mmoja akamshauri mama yako amlete mtu wa kuagua kabla mambo hayajaharibika. Mama yako alikuwa msichana bado, mbali na kwao, mume ndiye huyo. Kila mtu alikuwa na jibu lake, na mimi, Afande Mvuke, nilikuwa na jibu langu.

Haya yanayofuata nayakumbuka vipande vipande. Mengi nimeambiwa na mama yako, na nimemwomba ruhusa nikuandikie. Akasema, mwambie, anakwenda kulala na watoto wa watu.

Wewe ulikuwa na mafua mchana ule. Mafua madogo tu ya mtoto, pua imeziba, unalialia. Mama yako alikuwa amekwenda bombani kuteka maji. Mimi niliingiza sigiri ndani ya kibanda, makaa yamewaka mekundu, nikaweka sufuria la majani juu yake. Sikuliepua. Mama yangu alikuwa anaepua kila mara, tangu niko mtoto nilimwona, na mikono yangu ilikuwa imefanya hivyo miaka yote bila kufikiri. Siku hiyo mikono ilisahau. Nikaketi, nikakupakata, nikatufunika sote wawili kwa lile blanketi la kijivu la serikali, juu ya maji yanayochemka.

Mama yako alisikia sauti yako akiwa bombani. Aliacha ndoo. Alipoinama kuingia hakuona watu, aliona blanketi na moshi, na ndani yake wewe unalia na mimi naimba. Anasema nilikuwa naimba taratibu, sauti nzuri, ule wimbo wa kumbembeleza mtoto. Akaliita jina langu. Si Baba Lamaro. Aliniita Rajabu, jambo ambalo hajawahi kulifanya kabla wala baada.

Nikamwambia, "Tulia. Mtoto anapona."

Na sikukuachia. Nilikuwa na nguvu, anasema, kuliko siku zote. Kadiri ulivyojivuta nyuma ndivyo nilivyokushikilia, uso wako karibu na maji. Alivuta blanketi likagoma. Basi akaingiza mkono wake chini, kati ya uso wako na sufuria, akakusukuma nje kwa kifua chako, na sufuria likaja juu ya mkono wake lote.

Lile kovu la mama yako, kuanzia kwenye kiwiko mpaka kiganjani, tangu utoto umeambiwa ni mafuta ya mandazi. Yeye ndiye aliyechagua mandazi. Alisema mtoto akijua atamwogopa baba yake.

Mama Bahati alikuchukua. Ulikuwa mzima, umewiva mashavu tu, na ulikohoa kwa moshi. Mama yako alifunga mkono wake kwa leso iliyolowa maji, akasimama mbele yangu. Nilikuwa nimeketi palepale naangalia makaa. Alijua nikiambiwa hospitali nitakataa, na mwili wangu hawezi kuubeba. Akasimama wima kama askari, mkono unadondoka maji, akasema, "Afande, umepangiwa lindo hospitali. Wanakungoja."

Nikainuka. Nilivaa sare yangu yote, Lamaro, nikafunga buti, nikaweka kofia. Tukatembea mpaka barabarani, akasimamisha gari ya mtu, na njia nzima nilikuwa naangalia kushoto na kulia nikilinda. Watu walituona, askari nadhifu na mke wake, na hakuna aliyejua ni nani kati yetu anayempeleka mwenzake wapi.

Daktari alikuwa dada mdogo, pengine umri wako wa sasa. Alinimulika tochi jicho la kushoto, akaniuliza niko wapi. Nilimjibu niko kazini. Akaniuliza tena nikampigia saluti. Baada ya picha za kichwa alimweka mama yako kwenye benchi akamweleza kwa Kiswahili cha kuokoteza kwamba uchafu uliokwama nyuma ya paji la uso, kwenye vile vyumba vya hewa vya pua, umekula mfupa na sasa usaha unasukuma ubongo. Lazima wafungue kichwa, na hawangoji asubuhi. Mama yako aliuliza kama nitaamka nikiwa yule yule.

"Sijui, mama," daktari alimwambia. "Ungemleta kesho, ningekuambia hapana."

Mama yako alikaa na rozari yake, na kwa sababu mimi sikuweza kuomba, aliniombea pia kwa yale maneno machache ya dua aliyoyasikia kwangu, akiyakosea. Hakuna aliyemtazama mkono mpaka alfajiri, kwa sababu hakumwambia mtu.

Niliamka nikaona dari. Sikujua kwa nini nipo pale. Siku ya kwanza niliyoweza kusema, niliuliza wewe uko wapi, akanijibu uko kwa Mama Bahati na unakula vizuri. Niliona bandeji ya mkono wake nikauliza imekuwaje. Aliniambia nipumzike. Alichukua wiki nyingi kuniambia, na hata aliponiambia hakuongeza neno la kunilaumu. Ningependa angeongeza.

Baadaye mambo yalikwenda kama unavyoyajua. Niliwekwa mezani kuandika ripoti, bunduki sikushika tena, na nikastaafu mapema tukahamia hapa. Hili bonde kwenye paji langu, ambalo ulipokuwa shuleni uliwaambia wenzako ni panga la wezi, sasa unajua ni nini. Nilikuacha useme hivyo kwa sababu panga ni kitu cha heshima kwa polisi. Nani anataka kusema aliangushwa na pua? Na tangu siku ile sinusi kitu. Mama yako akiunguza mchuzi mimi ndiye wa mwisho kujua. Mama Bahati alipata nafasi ya kwenda nchi za mbali na watoto wake, tukapoteza namba yake, na kila mvua zikianza mama yako huwa anamtaja.

Sikuandikii haya ili utupe tangawizi njiani. Mama yako angeniua, amelowa kwa ajili yake. Dawa za bibi yako ni za kweli. Mafua ni mafua, mengi yataisha kwa maji ya moto, limau, asali na usingizi, na mtoto aliye mbali na mama yake hupona nusu kwa kule kuchemshiwa kitu tu. Mchemshie. Pua ikiziba, yeyusha chumvi kidogo kwenye maji uliyoyachemsha yakapoa, umsafishe. Ukimpa mvuke mtoto mkubwa, sufuria liwe limeepuliwa, limekaa imara, mkono wako uko kati ya uso wake na maji, na blanketi liache kitandani. Mdogo usimfukize kabisa. Wala mtoto mchanga, pengine wa mpishi wa hapo shuleni, usimlambishe asali, hata mama yake akikuomba. Mimi sikuharibiwa na mkaratusi. Niliupa kazi isiyokuwa yake, halafu nikaona aibu kuunyang'anya.

Kitu ninachokiogopa ni jina utakalolikuta huko. Mimi nilijipatia jina la Afande Mvuke, nikalilinda mpaka karibu linipokonye mtoto. Wewe utakuwa matroni. Muhula wa kwanza utawaponya kumi, watakuita jina tamu, mwalimu mkuu atakusifia mbele ya wazazi kwamba tangu uje hakuna gharama za kliniki. Hapo, mwanangu, anza kuogopa. Maana yule wa kumi na moja atakuja na mafua yale yale, kwa macho ya watu wote.

Mwezi uliopita mama mmoja hapa jirani aliniletea kijana wake ana mafua, kasikia sifa zangu za zamani. Kijana alisema yalikuwa yamepona yakarudi, na anaumwa juu ya jicho. Nikawaambia waende hospitali saa hiyo hiyo, nikawatafutia boda mwenyewe. Huko wakapewa vidonge wakaambiwa si kitu kikubwa. Yule mama amenicheka mtaa mzima, anasema mzee wa polisi anaogopa kamasi. Nilipoona kijana anapita na mpira wake nilirudi ndani nikakaa.

Nawe wiki hii ulikuwa na mafua. Unasema yamekwisha. Umeniuliza kwa nini ninakukodolea macho mezani, nikasema nakuaga. Nitakupigia wiki ijayo kuuliza kama bado yamekwisha, na utanijibu bila hasira.

Nasikia geti. Mama yako anacheka, bila shaka ni viatu vyako vilivyojaa matope. Nimalize.

Kuna mtoto huko Kabale simjui, nawe bado humjui. Pengine leo anaosha shati lake la shule, mzima kabisa. Kuna usiku, ukungu umeshuka mpaka madirishani, atagonga mlango wako. Utakuwa umechoka. Atasema kichwa kinauma, na wakubwa nyuma yake watasema ni mafua tu, yalikuwa yamepona. Pengine naye mwenyewe atakuambia hasikii maumivu tena. Mwalimu mkuu atasema gari halina mafuta, tungoje kupambazuke.

Usianze na maji. Washa taa kwanza. Mshike kidevu, umtazame macho yote mawili, umuulize jina lake na mahali alipo, na usubiri mpaka akujibu.

Baba yako,
Rajabu